Sukari ya Babu Torleif

Senja, 3 Februari 1986

Mjukuu wangu Ragnhild,

Hujambo mama? Huku wazima, ila goti langu na hii baridi havielewani. Anaandika Oddny jirani, mimi nasema tu. Akichoka namwongezea kahawa.

Nimesomewa barua yako. Ati mwalimu mkuu kakaa nyuma ya darasa lako la pili, kasema maswali yako ya hesabu yanajibiwa kwa neno moja, watoto hawafikirishwi? Na mwezi ujao anarudi, asiporidhika mkataba basi? Pole mwanangu. Mimi shule sikukaa, nilikua nikianika samaki. Lakini babu yako! Unakumbuka ile mikate myembamba ya chuma cha moto, kila mmoja mioyo mitano iliyoshikana, nanyi wajukuu wanne mnagombana? Hakugawa ng'o. Anauliza, "Mtagawaje kila mtu aridhike? Na mnajuaje ni sawa?" Basi na wewe waulize hivyo.

Bibi yako, Jorunn

Bodø, 17 Februari

Shikamoo Bibi,

Goti linaendeleaje? Nimewauliza watoto kama Babu. Kimya! Nikaingiwa na wasiwasi, nikajibu mwenyewe. Nikauliza tena, nikajibu tena. Eivind akasema, "Mwalimu, kama unajua si utuambie tu?" Darasa zima likacheka. Bibi, nimerithi mdomo wako. Babu alifanyaje?

Mjukuu wako, Ragnhild

Senja, 26 Februari

Ragnhild mama,

Goti lile lile. Mdomo wangu tena? Haya, asante! Oddny, acha kucheka, andika.

Nimekaa nikamkumbuka yule mzee, na sweta lake linanuka tumbaku. Akishauliza, anamimina kahawa kwenye kisahani, anabana kipande cha sukari menoni, anafyonza polepole. Sasa na sukari menoni utasemaje? Mpaka iyeyuke. Na nyinyi huku mnabishana, mnachora kwa vidole kwenye unga mezani. Mimi miaka yote nilidhani anapenda utamu tu! Kisahani chake kipo kabatini. Sikitumii, nakipangusa tu. Nimekutumia pakiti ya sukari ile ile.

Bibi yako

Bodø, 14 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumaini u mzima. Mwalimu mkuu kaja! Nikauliza: mioyo mitano, watoto wanne. Nikatia sukari menoni. Bibi, kimya kile! Nusura niiteme. Mara Solveig, ambaye tangu vuli hajafungua mdomo: "Kila mtu mmoja, wa tano tuukate vipande vinne."

Sukari ikaisha. "Unajuaje ni sawa?"

Eivind akaruka: "Si sawa! Mwenye kipande cha ncha ya moyo kapunjwa!"

Ikawa vita, Bibi. Kila mtu anachora, hata mwalimu mkuu. Mkataba nimepata. Akaniuliza nilikuwa nanyonya nini. Nikamwambia, "Sukari ya babu yangu." Kisha nikaenda kulia chooni.

Mjukuu wako, Ragnhild

Senja, 21 Machi

Ragnhild mama,

Nimelia na mimi. Oddny anauliza kama naumwa, mbona leo barua fupi. Nina swali moja tu: Pasaka utakuja, unywe kahawa kwenye kisahani cha babu yako?

Sisemi zaidi. Sukari iko menoni.

Bibi