Kaka Elia, Wamesema Ulikuwa Masomoni

Kaka Elia,

Nimekasirika, na wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumfokea bila kuambiwa nikae kwanza ninywe maji.

Siku ya kukuzika, baba yako mdogo alisimama chini ya turubai kusoma wasifu wako. Nikatega sikio nisikie watasemaje kuhusu gereza. Akasoma bila hata kumeza mate: "Kisha marehemu akaenda Dar es Salaam kwa masomo." Masomo. Na watu wakaitikia amina. Wewe uliyefungwa kwa kuingia kwenye kompyuta za watu na kuhamisha fedha zao, wewe uliyekuwa ukisimama mbele ya makarani na kusema, "Mimi nilikuwa mwizi, nikashikwa, nikafungwa, sasa nisikilizeni." Wamezika mtu mwingine kabisa.

Uliponichukua nikusaidie kazi yako ya kuwafundisha makarani wasitapeliwe, nilidhani utanifundisha mambo makubwa ya kompyuta. Ukanipa simu tu. Nimpigie karani wa ushirika wa asali, nimwamkie vizuri, nimuulize habari za watoto, halafu nimwombe nywila. Akanitajia herufi moja moja, na juu yake akanishukuru. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Tatu, huku kwetu hakuna anayemnyima mtu aliyemwamkia vizuri. Mimi sikuvunja mlango wowote, nilipiga shikamoo." Ndiyo maana ukawafundisha waitikie marahaba, wakate simu, kisha wampigie meneja kwa namba wanayoijua wenyewe.

Basi ulipofariki tu, meneja wa ushirika akalifuta somo hilo. Eti linafundisha watu kukosa adabu. Juzi juzi mama wa kaunta pale ushirika kapigiwa na kijana mwenye Kinyaturu chetu kitamu, kamwamkia, kamwita mama mkubwa, kamwomba namba ya siri iliyoingia kwenye simu yake. Akaitaja. Akiba za wafuga nyuki wa Mgori zimekwenda. Mama wa watu amesimamishwa kazi, anashinda ndani, hata kanisani haendi. Meneja yupo, shati limenyooshwa, anasema yule mama ni mjinga.

Sasa kaniita mimi nifundishe. Sharti lake, nisitaje kwamba ulifungwa. "Sema alikuwa mtaalamu, mwache marehemu apumzike." Nikikataa, kazi anampa mtu wa Dodoma. Baba yako mdogo naye kanipigia, analia, ananiomba nisiwaaibishe. Ameniuma, sikufichi.

Na wewe umenikera pia. Kile kifua ulitoka nacho gerezani, ukaniambia ni vumbi la Singida. Hospitali hukwenda, kikakuua. Watu wote uliwafundisha wasidanganyike, mimi ukanidanganya uso kwa uso, huku tunakula ugali na mlenda sahani moja. Nani alikutuma?

Semina ni kesho. Leo nimekwenda kwa yule mama, nikamkuta amejifunika khanga hadi kichwani. Nimembembeleza aje akae mbele. Nitataja jina lako lote, niseme uliiba, niseme ulifungwa, niseme uliwaibia wasomi na wakubwa kwa maneno yale yale aliyoambiwa yeye. Meneja akitaka anitoe. Mkataba wake akae nao.

Lala, kaka. Bado nina hasira na wewe, na nimekukumbuka sana. Nakuahidi kitu kimoja: kesho huyo mama hatatoka kwenye semina akijiona mjinga.

Tatu