Mfarishi wa Leso za Mama

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
Jumatano, mwezi wa Julai.

Kwako dadangu Mejumaa,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta umeketi, si umesimama, maana Shangazi amesema miguu yakufura ukisimama sana, nami sitaki kulaumiwa kwa miguu ya mtu. U hali gani? Shemeji naye je, na baridi ya Eldoret? Na huyo wa tumboni apiga mateke kama watu wa kwetu, ama ametulia kama babake? Sisi huku twamshukuru Mungu. Shangazi mzima, goti lake ndilo halijapona. Mimi nami ni mzima kupita kiasi. Mabega yamejaa, na wanawake wajao dukani kushonesha huniuliza mimi kwa jina kabla ya kumuuliza mwenye duka. Sijisifu, nakupa habari.

Najua unacheka. Mimi Chonga na kalamu wapi na wapi, zama hizi za simu. Ni kweli shule niliiacha kidato cha pili, lakini mwandiko haukuniacha, tazama herufi zilivyolala vizuri. Na sababu ya kuandika nitakwambia wazi: simu wewe huizima. Tangu Aprili, likitajwa jina la shogako Munazza tu, wasema mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao. Itabidi uisome mpaka mwisho, ama uitupe, na wewe nakujua, hutupi kitu kabla ya kujua kina nini ndani.

Shangazi ameniambia ulilosema. Kwamba mimba ya kwanza huzaliwa kwao, hilo unalijua, na marehemu Mama alilitaka, lakini wewe hutarudi kuzalia nyumba ambayo dirisha lake latazamana na dirisha la Munazza. Kwamba heri uzae huko peke yako, hata maji ya moto ukachemshiwe na majirani, kuliko kumwona aliyekikata kisutu cha harusi cha Mama. Shangazi alilia, Mejumaa. Na wajua Shangazi si wa kulia. Basi ndiyo maana niliazima kalamu.

Ndani ya kifurushi hiki utaukuta mfarishi wa mtoto. Umetimia. Ukunjue kitandani uutazame, nami nikusimulie siku tulipouanza, maana uliisikia kwa Shangazi peke yake, na Shangazi siku ile alikuwa jikoni.

Ilikuwa Jumamosi. Everlyne mwenzenu alifika mapema kutoka kwake mtaa wa Buxton na pamba kilo mbili kichwani kama mchukuzi wa Feri, akihema ngazini, akasema hajapata kuona watu wa Mombasa washonao blanketi, kwamba kwa joto hili hata shuka ni adhabu. Munazza akamjibu kwamba blanketi si la Mombasa, ni la Eldoret, na kwamba yeye Everlyne, kwao bara, ndiye angelitakiwa kutufundisha. Everlyne akasema kwao bara huenda dukani wakanunua. Wakacheka vile wachekavyo, hadi jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Ungelikuwako mngelikuwa watatu, na ufagio ungelivunjika.

Tukatandika mkeka ukumbini, pale pale Mama alipokuwa akiketi na cherehani yake alasiri. Sanduku la leso zake tulilivuta katikati. Dada, lilipofunguliwa, harufu ya udi ilitoka kana kwamba yeye mwenyewe amepita kuelekea chumbani. Everlyne alijifanya amepata vumbi machoni. Mimi sikujifanya kitu, nilikwenda kunywa maji, nikanywa birika nzima.

Munazza ndiye aliyeweka sheria. Alisema leso za mtu hazikatwi kama karatasi. Kila leso itakunjuliwa, jina lake lisomwe kwa sauti, kisha mmoja wetu aeleze siku aliyomwona Mama ameivaa. Ikikosa wa kuieleza, hairuhusiwi mkasi, yarudi sandukuni. Everlyne akasema sheria hiyo nzuri lakini tutamaliza mtoto akiwa na ndevu. Munazza akasema na awe nazo.

Ya kwanza ilikuwa ile ya manjano iliyoandikwa HUKUALIKWA UMEKUJA, BASI KAA ULE. Wote tulipiga kelele pamoja. Hiyo ndiyo aliyowavalia wakwe zako siku waliyokuja kuposa bila kupiga hodi, na mama mkwe wako akaisoma mara mbili, na Mama akampakulia pilau kwa heshima zote kana kwamba hajui amevaa nini. Kipande chake kiko pembeni mkono wa kulia. Mwonyeshe shemeji, umwone atakavyokohoa.

Ya pili ile ya buluu, yenye doa la mafuta. Hiyo niliieleza mimi. Tulikuwa pale Mama Ngina, kando ya bahari, wewe na Munazza mmevaa sare za shule, na Mama aliitandika nyasini tukalie. Tukala mihogo ya kukaanga na pilipili ya ukwaju, na mimi, kwa kuonyesha kwamba naweza kula muhogo wa moto bila kuupuliza, nikautema juu ya leso na mafuta yake. Mama hakunipiga. Alisema mdomo wangu daima hutangulia akili, na akili ikifika hukuta mambo yameungua. Everlyne alilipenda neno hilo sana. Siku nzima kila nikifungua mdomo aliuliza kama akili imeshafika.

Basi ndivyo tulivyoendelea. Leso moja kusomwa, kisa kimoja, ndipo mkasi. Vipande vikaanza kupangwa juu ya pamba, na pamba juu ya kitambaa cha marekani, tukapiga bandi kwanza, nyuzi ndefu ndefu za kushikilia. Kisha tukaketi kuuzunguka, kila mtu na upande wake, kama walivyokuwa wakishona kwao kina Munazza zamani: waanza pembeni kwako, mwenzio pembeni kwake, mwafuata duara mpaka mkutane katikati. Munazza alisema nyanyake aliwaambia kwamba mfarishi ulioshonwa na mtu mmoja hauna joto. Upande wa nne ulikuwa wako. Tuliuacha wazi siku ile, hakuna aliyeketi hapo, na kila aliyepita aliuzunguka.

Na mimi nilishona, Mejumaa. Ulitudharau sote wavulana, lakini Mama alinifunza, nami tundu zangu za sindano ni ndogo kuliko za Everlyne. Wote walikiri. Munazza alizipima kwa kucha akasema babake lazima azione, maana dukani kwake cherehani moja ilikuwa imebaki bila mtu, na huyo babake, Mzee Noormohamed, alikuwa ameahidi kupita baada ya alasiri kunitazama mkono. Habari hiyo ilinipanda kichwani kama soda. Nikaanza kushikilia mkasi mkubwa wa dukani, ule Munazza aliouazima, nikiuzungusha kidoleni. Munazza aliniambia niuweke chini. Niliuweka, kisha nikauchukua tena.

Sasa shika pumzi, dadangu, na ukae vizuri.

Kisutu kilikuwa kimetoka sandukuni pamoja na nyingine. Munazza alikiona mara moja. Ndiye aliyetukumbusha kwamba ulisema kwenye simu kisiguswe, kwamba ndicho Mama alichofungishwa siku ya harusi yake, na ndicho alichoahidi kumpokelea mjukuu wake wa kwanza. Alikikunja kwa mikono miwili, akanipa mimi, akaniambia nikirudishe sandukuni na nifunge kifuniko. Nikasema naam. Lakini Everlyne alikuwa katikati ya kisa, na sanduku lilikuwa nyuma yangu, na mimi ni mvivu wa kugeuka. Nikakiweka juu ya fungu la leso zilizongoja kusomwa, kwa dakika moja tu. Juu yake mtu akarusha nyingine.

Everlyne akatoka kupokea simu barazani. Shangazi yuko jikoni na mahamri. Mara nikasikia kikohozi cha Mzee Noormohamed ngazini. Mejumaa, nilitaka aingie anikute nikifanya jambo la fundi. Fundi hakati leso moja moja akisimulia visa kama wanawake wa matanga, ndivyo nilivyojiambia. Fundi huweka tabaka nne, akapitisha mkasi mara moja. Nikazichukua nne kama zilivyokunjwa, sikukunjua, sikusoma, sikungoja mtu aeleze. Nikakata. Nikaenda mpaka mwisho. Zilipofunguka, niliona nyekundu na nyeusi na nyeupe.

Aliyekikata kisutu cha Mama ni mimi.

Munazza alikuwa mbele yangu, sindano mdomoni. Aliona yote. Sikumbuki akisimama, nakumbuka tu mkasi haukuwa tena mkononi mwangu bali mkononi mwake, na babake anavua viatu mlangoni, na Munazza anasema kwa sauti ya kutosha mpaka jikoni kwamba ni yeye aliyekikata kisutu cha Mama Mejumaa, hakutazama, ni kosa lake. Shangazi akaja na mikono ya unga. Everlyne akaja. Mzee Noormohamed akamgombeza kwa Kikachi, lugha ya kwao, kisha kwa Kiswahili ili sote tufahamu, kwamba binti ya fundi kukata nguo ya marehemu bila kuikunjua ni aibu ya ukoo mzima. Alisema mengi. Munazza alitazama sakafu. Mimi nami nilitazama sakafu, ile ile, na mdomo wangu huu uujuao, ambao haujapata kukosa neno tangu nizaliwe, haukutoa hata moja.

Baadaye Mzee akazitazama tundu zangu akazisifu. Jumatatu nikaanza kazi. Jioni ile ile ya Jumamosi Shangazi alikupigia simu, nawe ukasema uliyoyasema juu ya Munazza, na simu ilikuwa na sauti kubwa, na yeye alikuwa bado yupo kwetu akiokota nyuzi mkekani. Aliendelea kuokota.

Miezi mitatu nimekaa dukani kwa babake Munazza, mita chache kutoka kwake, nikila chakula alichopika. Kila siku nikisema kesho. Nilidhani atanisema, akichoka. Juma lililopita nilimuuliza kwa nini hajasema. Akaniambia kwamba siku ile alifikiria kitu kimoja tu, kwamba Mama amekufa na shule nimeacha, na babake hamwajiri mtu wa mkono mwepesi kwa mkasi, na nikiikosa cherehani ile nitarudi kukaa vijiweni. Akasema alidhani utakasirika wiki moja, kama kawaida yenu. Kuhusu hiyo miezi mingine, akasema alikuwa akiningoja nikue. Alisema bila hasira, akirudi kushona kanzu ya mtu. Ningependelea anichape.

Juzi nilimwambia Mzee Noormohamed. Nilimwambia mbele ya wateja wawili, kusudi nisipate njia ya kuigeuza kuwa mzaha. Akamwita Munazza, akamwambia maneno ya Kikachi ambayo sikuyaelewa, na Munazza akafuta macho. Mimi hakunifukuza. Alichukua mkasi mezani kwangu, akauning'iniza msumarini kwake, akasema mwaka mzima sitakata hata uzi kwa chombo chenye ncha mbili, nitashona vifungo, na uzi nitakata kwa meno. Nakuandikia mdomo wauma. Usinionee huruma, na najua huna mpango huo.

Utauliza kisutu kiko wapi. Kimepasuka mapande mawili, katikati hasa. Mimi nilitaka kukiunga kwa cherehani, nikasema nikipiga pasi mtu hataona. Munazza alikataa. Amevifunga vipande katika kitambaa cheupe, viko kabatini kwake, hajavitia sindano. Alisema kitu cha mama yenu hakishonwi nyuma ya mgongo wako, kwamba utakuja uamue mwenyewe, na ukitaka kishonwe atakushikia upande mmoja wewe ushone mwingine. Na usipotaka atakurudishia kama kilivyo. Alisema hayo mwezi wa Aprili, Mejumaa, wakati ambapo hukuwa ukipokea simu yake, na ameshika hapo mpaka leo.

Mimi sikuombi msamaha kwa barua. Nitauomba nikikuona, na unipige ukitaka, nitainama maana tumbo litakuzuia. Ninaloomba ni jingine. Njoo uzae nyumbani. Chumba cha Mama Shangazi amekipaka chokaa. Basi la Ijumaa lafika alfajiri, nami nitakuwa stendi kabla halijafika, nibebe mizigo yote, hata ile usiyonayo.

Na kabla hujapanda basi, mpigie Munazza. Hajui kama nimekuandikia. Usimwambie ni mimi niliyekueleza, usianze kwa kunitukana, ingawa ni haki yako. Mwulize hali yake kwanza. Siku nyingi hakuna aliyemwuliza.

Shangazi akusalimu na goti lake. Everlyne akusalimu, asema mtoto akizaliwa na mdomo mrefu atajua ni wa nani. Msalimie sana shemeji, na jirani zako wanaokutazama. Mola akulinde wewe na huyo mgeni wetu, akulete salama kwa miguu yako miwili.

Ni mimi nduguyo mkosa,

Chonga