T ya Uongo

Baba,

Kamwene. Nakusalimia kwa mazoea tu, sitegemei kuitikiwa. Nimekaa kwenye kigoda chako bandani, mikono bado inanuka oili ingawa nimenawa. Ukuta huu wa nyuma ndio unaotutenganisha, maana walikulaza hapo kwenye miparachichi, karibu kabisa na pikipiki yako.

Mama anataka kukufuata. Nakuambia wewe kwa sababu hapa Mdandu kila mtu analikwepa neno hilo. Tangu tukuzike, mpaka leo asubuhi, alikuwa hajavuka ua. Dawa zake za presha ziliisha, miguu ikavimba, akawa anaamka kichwa kinamgonga, na kwenda hospitali Makambako hakutaka kusikia. Niliita bodaboda mpaka mlangoni. Akamwambia, "Rudi salama, mwanangu. Mimi sipandi pikipiki ya mtu." Nilimpigia magoti, Baba. Akageukia ukutani.

Basi nikasema, kama hapandi ya mtu, atapanda ya kwako. Ilikuwa haijawashwa tangu safari yako ya mwisho ya kusalisha vigangoni, nikaona niipitishe kwanza kwa fundi mmoja wa Makambako. Alisikiliza ile tik-tik-tik ya tapeti, zile skrubu zinazogusa valvu, akacheka. "Dada, hii pikipiki au mashine ya kusaga?" Akazikaza mpaka injini ikanyamaza kabisa. Nikarudi najivuna. Mama alisikia nikiingia uani, hakugeuza hata shingo.

"Hiyo ya nani?"

Nikasema ya Baba. Akasema, "Siyo."

Kesho yake haikuwaka. Kiki ilikuwa nyepesi, kama unakanyaga hewa. Hapo ndipo nilipokukumbuka: "Skola, tapeti inayoongea ni nzima. Iliyonyamaza ndiyo ya kuogopa. Valvu haifungi, inaungua ndani kwa ndani." Uliyasema hayo kila Jumamosi kabla ya chai, injini imelala na baridi yetu hii ya kugandisha vidole, unaiandaa ikupeleke vigangoni Jumapili. Mama alikuwa anakutania eti ni katekista gani anayenukia petroli kuliko ubani.

Leo asubuhi nimeifungua mwenyewe. Nikatoa plagi, nikafungua vifuniko viwili vya kichwani na kile kidirisha cha pembeni, nikazungusha injini polepole kwa spana mpaka herufi T ya kwenye gurudumu la ndani ikakaa kwenye alama. Nikachukua wembe wako, kile kipande cha nusu unachopimia nafasi ya valvu. Haukupenya kati ya valvu na roka, kale kamkono kanakoisukuma. Nikalegeza skrubu, nikalegeza tena, mpaka ukapita. Nikafunga nati, nikarudisha kila kitu, nikapiga kiki. Ikawaka, ikagonga kama debe la misumari, ikakohoa, ikazima. Kutoka ndani nikasikia sauti ya Mama, ndogo sana.

"Hata hiyo siyo."

Nililia, Baba. Nililia nimekumbatia tangi. Nikakulaumu pia, uniwie radhi, nikakuuliza kwa sauti ni nani alikuruhusu kuondoka na mikono yako yote miwili. Majirani wakinisikia watasema nimerukwa na akili, na labda kweli.

Ndipo likanijia neno lako, lile ulilolipandisha mpaka kwenye mahubiri, padri akakosa pa kutazama. "T ziko mbili. Moja ya kweli, valvu zimefunga, moja ya uongo, hazijafunga, na alama ni ileile. Shika roka kwa vidole. Zikicheza kidogo, umefika. Zikikaza, unadanganywa, zungusha tena." Nilikuwa nimeseti kwenye T ya uongo. Wala si leo tu. Kila pikipiki inayopanda kilima chetu jioni, mimi nainuka kwenda kukufungulia lango.

Nikasubiri injini ipoe. Nikazungusha mzunguko mmoja zaidi, nikashika roka. Zikacheza. Wembe ukaingia kwa kusita na kutoka kwa kusita, kama unavyotaka. Nikaishikilia skrubu isifuate nati. Nikapiga kiki.

Tik-tik-tik.

Sikuwahi hata kufurahi. Mama alitokea mlangoni na beseni la maji ya moto. Beseni lile lile, Baba. Miaka yote akisikia tapeti zako bondeni alikuwa anamimina birika, ukifika ukute maji ya kunawa tope. Alikuja mbio kwa miguu ile iliyovimba, na uso ambao sijauona tangu ufe. Kisha akaniona ni mimi niliyekaa kwenye pikipiki.

Nilitaka kuzima, mkono ukakataa. Nilijua nimemuua. Nimempa T ya uongo mama yangu mwenyewe. Alisimama pale mvuke ukimpanda usoni, injini inaongea. Halafu akainama, akaliweka beseni miguuni pangu.

"Nawa mikono," akasema. "Utanipaka oili. Twende."

Tumekwenda, tumerudi. Alinishika kiuno njia nzima akilia mgongoni kwangu, koti lako limelowa lote. Dawa amepewa. Daktari amesema tumechelewa, tummezeshe kwa saa zake na tuombe Mungu. Sasa amelala, na mimi kila mara nakwenda mlangoni kusikiliza kama anapumua. Naogopa, Baba. Naogopa kuliko siku ya kukuzika, maana siku ile nilikuwa na Mama wa kumshika.

Sina kikubwa cha kukuahidi. Kila Jumamosi kabla ya chai nitaifungua, nitaitafuta T ya kweli, na hakuna fundi atakayeinyamazisha tena. Akitaka kwenda popote, nitampeleka.

Wewe pumzika hapo kwenye miparachichi. Ukisikia tik-tik inapita nyuma ya ukuta, usiinuke. Ni mimi.

Mwanao,
Skola