Kosa Tuliyotafuta Pamoja Iko Kwake

Maman Euphrasie mupendwa,

Nasoma majibu yako mu gazeti kila wiki. Nisaidie na mie, na unisaidie mbio, juu lundi, jumatatu asubui, tuko na mukutano ku biro na mie sijue nitasema nini, toka jana niko na woga, na si woga tu, iko pia furaha, juu nimepata kitu ambayo biro yetu yote ilishindwa kupata.

Nafanya kazi ya informatike, ya kompyuta, huku Nguba mu Bukavu, kwa proje moja inayopeleka dawa mu vituo vya afya. Muuguzi anaandika mu simu yake dawa anayotaka, na komande yake inakuja mpaka ku depo yetu. Sisteme yenyewe tuliikata vipande-vipande, kila kipande kinafanya kazi yake ndani ya kontenere yake, sawa vile chumba kilichofungwa, hii inapokea komande, ingine inaituma, ingine inaangalia stoki, dawa zilizobaki ku depo, na zinaongea kwa mesaji. Basi mesaji zikaanza kupotea. Zingepotea zote tungejua fasi ya kutafuta, lakini moja inafika, ingine inapotea, na ukijaribu ku ordinateri, kompyuta yako, yote inapita muzuri. Muuguzi wa Nyantende, maman Murhula, alingojea serumu za kutundikia wagonjwa, hazikufika, akashuka yeye mwenyewe na pikipiki mu mvua kuja kuzibeba.

Shefu wetu, papa Déogratias, akasema nitafute kosa pamoja na Fabien. Fabien ni mwenzetu wa Kinshasa, yeye njo anaangalia serveri za kule, na mie sijamuona hata siku moja, ni sauti tu. Mwanzo tulikuwa tunasema Kifaransa, kazi tu, mie nasoma yale kontenere za huku zinaandika, yeye anasoma ya kule, tunalinganisha. Nyuma akasema anataka kujifunza Swahili yetu, akaanza kuniuliza, "Larissa, umekula? Umekula nini?" na mie naona asubui inakuwa ndefu mpaka simu ilie. Tulibomoa kontenere tukazijenga tena, tulizania ni rezo, mutandao, tulizania ni masini imejaa, kila siku tulishindwa na kila siku nilirudi nyumbani naimba, mpaka maman yangu akauliza ni kazi gani hii inaharibika na inakufurahisha.

Jana Fabien akaniandikia: leo niko na mambo mengi, nitakupigia saa saba kamili. Ilikuwa mara ya kwanza tupatane saa, siku zingine alikuwa ananipigia tu akipata nafasi. Saa saba ikafika, kimya. Nikakasirika, nikaacha hata chakula yangu. Simu ikalia saa nane, nikamuuliza kwa ukali:

"Fabien, ulisema saa saba."

"Njo saa saba sasa hivi, Larissa. Niko naangalia saa hapa ku ukuta."

Maman, pale pale nikaelewa. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja, kila mutoto anajua, lakini kontenere hazijue. Ile inayotuma komande iko na nakala mbili, moja huku, moja ku serveri ya Kinshasa, na kila moja inaandika saa yake juu ya mesaji bila kusema ni saa ya wapi. Kontenere ya stoki ya huku Bukavu ikipata mesaji ya kule inaona imechelewa saa nzima, na tuliiambia iitupe nje kila mesaji iliyochelewa ili dawa isitumwe mara mbili. Nikamwambia Fabien nitamupigia nyuma, nikafungua, nikaangalia, mesaji zote zilizopotea zilipita ku nakala ya Kinshasa. Zote. Niliruka mu biro mpaka Charlène wa meza ya pembeni akauliza kama nimepata visa.

Nyuma furaha ikanikatikia nusu, juu ile nakala ya Kinshasa, Fabien njo aliifungua. Na papa Déogratias alishasema mbele ya wote: aliyeleta hii kosa, kontra yake ya kazi inaisha. Charlène ananishauri ninyooshe saa kimya-kimya, niseme sisteme ilijiponya yenyewe. Na mie, nisikufiche, kuna fasi mu roho yangu inayosema nisinyooshe kitu, juu kosa ikiisha, Fabien atanipigia simu juu ya nini? Nifanye nini, maman?

Larissa wa Nguba

*

Larissa binti yangu,

Kwanza pongezi, na ninazitoa kwa moyo wote. Ile ya saa saba niliisoma nikacheka peke yangu, nikamusomea na bwana yangu, naye akacheka. Mutu alikuchelewesha, ulikuwa na haki ya kununa siku nzima, na wewe ukapata mule jibu ambalo biro nzima imelitafuta. Kazi yako unaijua.

Sasa nikukaripie. Fabien ulimupa ukurasa, maman Murhula ulimupa mustari mumoja. Mie sijui kontenere, lakini najua Nyantende, na najua ile barabara wakati wa mvua. Toka jana unajua mulango ambamo dawa zinapotelea, ukauacha wazi, ukakaa kuandika barua. Acha kusoma hapa. Zima ile nakala ya Kinshasa sasa hivi, komande zote zipite ku ile ya Bukavu, hata kama zitaenda polepole. Nyuma urudi uendelee.

Umerudi? Muzuri.

Charlène anakupenda, lakini shauri lake ni bovu. Ukinyoosha kimya-kimya, kesho mutu mwingine atafungua nakala ya tatu, Matadi ao Mbandaka, kosa itarudi vile vile, na wewe njo utakuwa uliijua na kuificha.

Mupigie Fabien leo, kabla ya shefu. Usizunguke. Mwambie kosa umeipata, iko kwa nakala yake, na umuonyeshe namna inavyofanya. Nyuma umuachie nafasi aende kwa papa Déogratias yeye mwenyewe, mbele ya lundi. Akikuomba ufiche, basi utakuwa umemujua mapema, na utanishukuru. Asipokuomba, usimuache peke yake mu mukutano. Usikae pale umenyamaza kama mugeni mu matanga. Uliza mbele ya wote: nani kati yetu alimuandikia Fabien kwamba nakala zote zifuate saa ya fasi moja? Kama hakuna, kosa ni ya nyumba nzima, na papa Déogratias njo baba wa nyumba.

Tufike ku roho yako, juu najua hapa njo ulikuwa unangoja. Hizi mambo mbili usizichanganye mu simu moja. Simu ya leo ni ya kazi: sema, maliza, kata. Mie nikisikia mutu wa Kinshasa anajifunza Swahili ili aulize umekula nini, niko na mawazo yangu, lakini mawazo yangu haitakuoa. Nyoosha sisteme, nyuma ungojee uone kama simu italia wakati hakuna kilichoharibika. Isipolia, upige wewe, na uulize waziwazi. Uliuliza masini siku zote hizo bila haya, uulize na mutu.

Maman Euphrasie

*

Jibu hili nilimutumia Larissa samedi, siku mbili mbele ya mukutano, siku ile ile barua yake ilifika. Majina yote nimeyageuza, na amenipa ruhusa nichape haya aliyoniandikia mercredi, siku mbili nyuma ya mukutano:

"Maman, nilizima nakala mbele ya kumaliza kukusoma. Nikapigia Fabien, nikamwambia yote. Nyuma akasema, 'Basi siku zote hizi nilikuwa nakutafutisha kosa yangu.' Sikumuomba kitu, yeye mwenyewe akapigia shefu. Lundi papa Déogratias aliingia na uso mugumu. Nikauliza lile swali, wenzangu wakakubali hakuna aliyemuandikia. Shefu akasema tuandike hiyo sheria ya saa leo leo, na Fabien aendelee na kazi yake. Tulijenga tena kontenere sisi wawili, sasa kila mesaji inasema saa na inasema ni ya wapi. Tukafungua nakala ya Kinshasa, komande ya kwanza iliyopita pale ilitoka Nyantende, ikafika, biro yote ikapiga makofi, na Charlène alipiga kuliko wote.

Kesho yake, mardi, wakati wa kula, nilikaa na simu mbele ya sahani. Nikasema nitangoja kidogo, nyuma nitapiga mie, kama ulivyoniambia. Ikalia.

'Sisteme iko namna gani?' Fabien akauliza.

'Iko muzima.'

'Hakuna mesaji iliyopotea?'

'Hata moja.'

'Basi leo nimekupigia bure.'

Nikamwambia, 'Na kesho unipigie bure.'"