Nani Atakukamulia Ng'ombe

Shambani, Wisconsin
4 Oktoba

Mwanangu Marit,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ng'ombe wazima, ila mmoja wao, Dagny, anachechemea. Wewe je?

Barua yako nimeisoma mara mbili na bado sikuelewi. Unasomea ufugaji, sawa. Nikakuambia fani ndogo, ile ya kusindikiza ufugaji, uchukue biashara, ili ukirudi tuendeshe shamba pamoja. Wewe unaniletea sosholojia. Yaani uende darasani kufundishwa kwamba watu wana majirani? Hata Dagny analijua hilo. Na maswali yako ishirini ya somo hilo umeyatuma kwa wakulima wote wa bondeni. Jirani yetu Gundersen kanikodolea macho kanisani. Haya, yangu nimeyajibu, usinisumbue tena.

Baba yako

Chuoni
11 Oktoba

Shikamoo Baba,

Sijambo, mafua yameisha. Dagny muitie daktari, usingoje apone mwenyewe.

Baba, unanichosha. Fomu ya fani ndogo mwisho wake Ijumaa, 15 Novemba, na sitaki kuijaza huku umeninunia. Halafu umejibu kumi na tisa, ila la kumi na nne umeliruka: "Ukiugua, utamwita nani akukamulie ng'ombe?" Kwa nini? Karatasi nakurudishia humu, ulijaze.

Binti yako, Marit

Shambani
18 Oktoba

Marit,

Dagny kapona, bila daktari.

Sijaugua tangu mama yako afariki. Swali la kipuuzi halina jibu. Chukua biashara.

Baba

Chuoni
25 Oktoba

Shikamoo Baba,

Hili sipaswi kukuambia, mwalimu akijua nimekwisha. Wakulima kumi na mmoja wamejibu. Kwenye la kumi na nne, tisa wameandika jina lako. Gundersen pia, ambaye humsemeshi tangu mgombane kuhusu ua wa mpakani. Hao wote wangekuita wewe, na wewe huna wa kumwita. Hiyo ndiyo sosholojia, Baba. Nimelia maktabani kama mtoto.

Marit

Shambani
10 Novemba

Mwanangu,

Samahani kwa kimya. Jumanne niliteleza kwenye tope, kifundo cha mguu kikavimba. Nilikaa juu ya ndoo zizini nusu saa nikimlaani mwalimu wako, ng'ombe wakilia kukamuliwa. Mwishowe nikampigia Gundersen. Alifika na viatu vya ndani.

Anafanya kazi ovyo, Dagny kamtandika teke, na mkewe kajaza friji langu viazi vya jibini. Sasa anakuja kila asubuhi na haishi maneno. Lawama zote zako.

Karatasi yako nimeirudisha humu. La kumi na nne nimelijaza. Na wewe jaza fomu yako utakavyo, Ijumaa isikupite.

Baba yako