Friza ya Selpher

Muigai, Obuya wetu ametuaibisha. Kaa chini kwanza.

Unaijua ile ada ya stima tunayolipa kila siku hapa kwenye ploti Kangemi, hata ukikaa gizani? Obuya aliapa ataiua. Yeye, anayedai aliwahi kuwasha taa za Westlands nzima kwa kijiko! Akawashawishi majirani sita wakatiwe stima, eti ada itashuka kwa woga.

Wakakatiwa. Leo ada imepanda mara mbili. Imepanda, Muigai!

Obuya akamvamia keateka, yule msimamizi wa ploti: "Mwizi wewe!"

Keateka akamjibu polepole: "Mzee, waya ni ule ule, transfoma ni ile ile. Gharama yake mliibeba watu kumi na wawili. Sasa mmebaki sita."

Sita! Na mmoja ni Selpher, muuza samaki. Angezimaje friza? Ameshindwa kulipa, ameiuza.

Ilipokuwa ikitolewa mlangoni, Selpher akamuuliza Obuya, "Mzee, na wewe ulikatiwa lini?"

Obuya? Hakuwahi kukatiwa. Mpira angeutazamia wapi?

Selpher hata hakumtukana. Alimwambia tu, "Basi shika upande ule, ni nzito."

Akashika.