Mwalimu Ndalahwa Maige, Mume wa Sabina

Leo umetimia mwaka, Baba, tangu ututoke hapa Ilemela, Agosti ya 1996. Tangazo letu lilikuwa liwe la kwanza, kama ilivyo ada, lakini wenzako uliosoma nao chuo cha ualimu wametuwahi. Alhamisi iliyopita walitoa la kwao gazetini, na picha yako ya ujanani, na chini wakaandika: "Ni sisi tuliokufahamu zaidi." Mama alisoma mara mbili, akavua miwani.

"Zaidi ya nani?"

Basi haya ni maneno ya Mama. Sisi watoto tumeshika kalamu tu.

Eti walikuita Jogoo, kwa kuwa uliamsha bweni zima kwa kuimba. Jogoo gani! Miaka thelathini na minane Mama ndiye aliyekunyang'anya shuka usichelewe shuleni.

Tunakukumbuka ukiwaandikia barua majirani wasiojua kusoma, kisha unawasomea pole pole hadi waridhike. Ulipostaafu, kila mtu akikimbilia biashara, nawe ulifungua duka la madaftari pale Buzuruga. Mtoto akikuambia kalamu imekwisha wino, unampa nyingine bure. Duka lilikufa kwa huruma zako, wala hukujuta.

Lakini kila Januari ulipiga pasi suruali ya kijivu kwa mkono wako, ukavuka kivuko kwenda Busisi kwa mzee Obedi, mlikokutana wanachuo mliobaki, pamoja na Mwalimu Teodora wa Musoma. Ukirudi Mama anauliza, "Mmeongea nini?" Unajibu, "Mambo ya zamani tu." Mama alikuwa na wivu, Baba, tena hakuuficha. Siku ikija barua ya Teodora, ulikula ugali kwa chumvi.

Juzi Teodora alikuja mwenyewe, baada ya kusikia Mama amekasirika.

"Karibu, wewe uliyemfahamu zaidi," Mama akamwambia mlangoni.

"Mama Mayala, tumekukosea. Nisamehe."

Akatoa ile picha kwenye mkoba. Una miaka ishirini, umerudisha kichwa nyuma, unacheka meno yote nje. Mama aliishika mpaka chai ikapoa.

"Mimi hakuwahi kunichekea hivi," akasema. Machozi yakamtoka. "Alikuwa anacheka nini?"

Teodora akafikiri, akatikisa kichwa. "Sikumbuki, dada yangu. Nimeshawauliza wenzangu wote. Hakuna anayekumbuka."

"Kumbe hata nyie!"

Mama akafuta macho, akaagiza chai nyingine. Walikaa mpaka jioni, mmoja akisimulia Ndalahwa wa bweni, mwingine Ndalahwa wa nyumbani, wakibishana. Teodora alipoaga alinyoosha mkono apewe picha yake. Mama akaiingiza kifuani, akamsindikiza hadi stendi.

Kwa hiyo wanachuo wote mnatangaziwa: Januari hii hakuna kuvuka kwenda Busisi. Mkutano uko Ilemela, nyumbani kwa marehemu. Watakaopika ni wakwe zake. Mama atakaa nanyi sebuleni, tangu neno la kwanza hadi la mwisho.

Pumzika kwa amani, Baba. Unakumbukwa na mkeo Sabina. Kisha watoto wako Mayala, Justa na Ngosha. Kisha wakwe na wajukuu. Kisha, kwa ruhusa ya Mama, wanachuo wenzako. Hatutakusahau kamwe, kwa mpangilio huo huo.